Boya la kuvuta la lita 20 kwa vijana wanaoogelea baharini: maoni kutoka usukani

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza kabla sijamaliza sentensi. Boya la kuvuta la lita 20, lile lenye begi ndani yake, lilitusimamia kama shilingi elfu themanini na tano mpaka linashuka kwenye basi hapa Tanga likitokea Dar. La kawaida lisilo na begi ni kama nusu ya hapo. Kampuni siitaji, kwa sababu tumenunua kwa wauzaji tofauti, nembo zikaja tofauti, lakini kitu ni kilekile mshono kwa mshono. Kwa hiyo ninachopima hapa ni aina ya kifaa, jina lililochapwa juu yake liacheni.

Na nitalipima kutoka upande ambao wauzaji hawausemi. Mimi si mwogeleaji wa kusifiwa. Nimefanya kazi kwenye tagi, boti ya kuvutia meli, bandarini mpaka nikastaafu, na siku hizi kazi yangu ni kukaa kwenye mashua ndogo yenye injini ya nyuma, nikiwafuata vijana wanaotoka Raskazone, pwani ya hapa Tanga, kuogelea masafa. Mjukuu wangu yumo, yuko kidato cha tatu. Yeye na wenzake walianza na bwawa, wakajua kupiga mikono vizuri, kisha bwawa likawachosha. Kugeuka ukutani kila baada ya mita 25, wanasema, ni kama kutembea ndani ya chumba. Sasa wanataka kilomita tatu, tano, na mmoja wao ameshaanza kuzungumzia kumi. Picha za matangazo ya boya hili huonyesha mwogeleaji anatabasamu, maji yametulia kama ya birika. Mimi nimelitazama nikiwa usukani, jua usoni, upepo wa umande ukivuma kutoka bara.

Kwa wasiolijua: ni mfuko wa plastiki nzito uliojazwa upepo, rangi ya chungwa kali, una urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole na zaidi kidogo. Una ugwe unaoshikana na mkanda wa kiunoni. Mwogeleaji hulivuta nyuma yake. Hili lenye begi lina vyumba viwili vya upepo, kimoja kila upande, na katikati ni nafasi ya vitu. Mdomo wake unakunjwa mara tatu nne kisha unafungwa kwa klipu, sawa na mifuko ile wanayobebea simu wageni wanaokwenda kupiga mbizi.

Sasa kazi yake. Kazi yake ni moja: uonekane.

Mtu ambaye hajawahi kukaa usukani hawezi kujua kichwa cha binadamu kilivyo kidogo baharini. Ghuba yetu imefungua mdomo mashariki. Asubuhi, ukielekeza omo, yaani mbele ya mashua, huko, maji yote yanakuwa fedha inayowaka, na kila kiwimbi kina kivuli chake cheusi. Kichwa chenye kofia nyeusi ni kivuli kimoja kati ya elfu. Hatua mia mbili tu, nikigeuka kuangalia injini na kurudi, ninawahesabu upya na mmoja simwoni, kisha anaibuka, kisha simwoni tena. Na huyo ni mimi ninayejua kwamba yupo. Mvuvi anayerudi na boti ya faiba, amekesha, ana haraka ya kuuwahi mnada, hajui hata kama kuna mtoto wa mtu majini. Boya la chungwa likiwa nyuma ya kila mwogeleaji, ninawahesabu wote kwa jicho moja. Hata anayeogelea mbali kuliko wenzake namwona bila kukaza macho. Kwa hili pekee ningelilipia mara mbili.

Wapo wanaosema kwamba waogeleaji wakubwa hawatumii. Ni kweli, kwenye mashindano ya kilomita 10, yale yaliyoingia Olimpiki mwaka 2008 kule Beijing, hakuna anayevuta boya. Kule kuna boti za waamuzi na za uokoaji. Hata hivyo someni habari za Fran Crippen, Mmarekani, umri miaka 26, mwogeleaji wa timu ya taifa lake. Tarehe 23 Oktoba 2010 alikuwa kwenye mbio za kilomita 10 za Kombe la Dunia huko Fujairah, Falme za Kiarabu. Maji yalikuwa ya moto, hewa nayo ya moto. Wenzake walipomaliza ndipo walipogundua kwamba hayupo. Mwili wake ulipatikana baadaye chini ya maji, si mbali na mwisho wa mbio. Mtu mzima, bingwa, katikati ya mashindano ya kimataifa, alizama na hakuna jicho lililomwona akizama. Nilipomsimulia mjukuu wangu habari hii alikaa kimya, kisha akaenda mwenyewe kuchukua boya lake ukumbini. Siku ile sikuhitaji kumhimiza.

Tukio lile ndilo lililofanya watu wa mchezo huu wafikirie upya habari ya joto. Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani bahari ya hatari ni ya baridi, ile ya Wazungu. Kanuni za sasa za World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, zinasema mashindano hayafanyiki maji yakishuka chini ya nyuzi 16, wala yakipanda juu ya nyuzi 31. Sasa njooni Tanga mwezi wa tatu, kaskazi inapokata na kusi haijashika. Maji yanasogelea nyuzi 30. Mwili wa mtoto anayepiga mikono kwa saa nzima unatoa joto na halina pa kwenda, jasho linatoka majini bila yeye kulihisi, na kiu haimjii kwa sababu mdomo umelowa muda wote. Hapo ndipo begi la boya hili linapolipa ile nusu ya pili ya bei.

Ndani ya begi tunatia chupa mbili ndogo. Moja maji, moja dafu lililochujwa na chembe ya chumvi. Tende chache kwenye mfuko wa nailoni. Ndizi tulijaribu, zikafika zimekuwa uji. Kila nikipiga filimbi wanasimama, wanalivuta boya kifuani, wanalikumbatia, wanakunywa wakielea, wanafunga, wanaendelea. Boya la lita 20 linambeba kijana anayepumzika bila shida yoyote. Hata mimi na tumbo langu limenibeba, ingawa sikumwambia mtu apige picha. Zamani nilikuwa nawarushia chupa kutoka mashuani, na mashua ikikaribia mwogeleaji kuna panga la injini la kufikiria. Sasa nakaa mbali kidogo na kila mtu ana duka lake.

Mdomo wa begi unahitaji adabu. Ukikunjwa mara mbili tu kwa haraka, maji ya chumvi yanaingia, na mtoto mwenye kiu ndiye mwenye haraka kuliko wote. Mkunjo uwe mara tatu au nne, klipu isikike imelia. Simu siwashauri kuitia humo bila mfuko wake wa pekee wa kuzuia maji. Funguo, sawa. Kandambili, sawa, kama mnaanzia pwani moja na kutokea nyingine.

Rangi. Nunueni chungwa au waridi kali. Msinunue njano hata kama mnapewa punguzo, na sababu ni ya kwetu, hamtaikuta kwenye maelezo ya muuzaji. Maji yetu yamejaa madumu ya njano ya mafuta ya kula. Wavuvi wanayafunga kwenye nyavu na madema, mitego ya samaki, kama alama. Boya la njano likionekana kwa mbali, mvuvi anasoma dumu, na dumu kwake maana yake ni wavu wa mtu. Asubuhi moja mzee wa ngalawa aligeuza tanga akatujia moja kwa moja, na mjukuu wangu wakati huo alikuwa amefungwa boya la njano la kuazima.

“Shikamoo mzee,” nikampigia kelele. “Huyo ni mtoto!”

“Marahaba. Mtoto? Bwana we, mimi nimedhani jarife langu, wavu wangu, limekatika kamba.”

Alicheka, akamtazama binti kwa muda, akaniuliza kama huyu mtoto ana deni na mtu hata anafanyishwa kazi hii. Mwenye injini angekuja kwa kasi nyingine. Ila niseme na upande wa pili: wapo wenye boti ambao wakiona dumu hulikwepa kwa kuogopa kamba isiingie kwenye panga, kwa hiyo hata njano ina faida yake. Mimi sitaki kubahatisha ni nahodha wa aina gani anayekuja.

Kwenye upepo boya hili lina tabia mbaya kidogo. Ni jepesi mno. Kusi ikianza kupuliza kwa nguvu saa tatu saa nne asubuhi, boya tupu linarukaruka juu ya maji. Upepo ukitoka nyuma linampita mwogeleaji, ugwe unaingia begani, mkono unakwama. Ukitoka ubavuni linavuta kiuno upande mmoja na kijana anaanza kupinda njia bila kujua, mimi namwona anakwenda kama anayetafuta kitu alichoangusha. Dawa yake tuliipata kwa kuuliza na kujaribu: msilijaze upepo mpaka liwe gumu kama mpira, mwacheni mtu aweze kulibonyeza kidogo kwa kidole gumba; na ndani ya begi lazima kuwe na uzito, angalau chupa moja ya maji iliyojaa. Likiwa na kitu tumboni linatulia. La bei nafuu lisilo na begi halina dawa hiyo, na kwa msimu wa kusi mimi silipendi.

Urefu wa ugwe nao ni jambo. Umetengenezwa kwa mtu mzima. Kwa kijana mfupi boya linakaa sawa. Kwa huyu mmoja wetu aliyerefuka ghafla mwaka huu, lilikuwa linakaa juu ya visigino vyake na kila teke analipiga. Akawa anaogelea kwa kuogopa miguu yake mwenyewe. Tukaongeza ugwe kwa kamba ya wavuvi, fundo mbili, likakaa nyuma ya nyayo na mambo yakaisha. Mkanda wa kiuno kwa watoto wembamba una tatizo kinyume chake, unabaki mrefu na ncha inaning’inia ikipiga mapaja. Tumeukata na kuuchoma ncha kwa kiberiti. Muuzaji hakusema lolote kuhusu hayo, na bei ya elfu themanini ingestahili angalau karatasi ya maelezo.

Linapunguza mwendo? Vijana wanaapa kwamba linawavuta nyuma. Kwa saa yangu tofauti ni ndogo, na baada ya wiki chache malalamiko yamekufa yenyewe.

Lililonikera ni valvu, kile kizibo cha kujazia upepo. Kwenye moja kati ya maboya yetu, chumba cha kushoto kilianza kupumua polepole. Unatoka pwani limejaa, unarudi limelegea upande. Vyumba ni viwili, kwa hiyo halikuzama, na hapo ndipo nilipoelewa faida ya kuwa na viwili. Chanzo kilikuwa mchanga. Raskazone maji yakipwa yanaacha tope na mchanga mwembamba, vijana wanalitupa boya chini wakati wa kuvaa miwani, punje inaingia kwenye kizibo. Tumekuwa tukilisuuza kwa maji baridi ya bomba kila tukimaliza na kulikausha kivulini. Juani msilianike. La kwanza tuliloliacha juani rangi yake imeanza kupauka, na boya lililopauka ni pesa iliyopauka.

Sasa kuna maandishi yaliyochapwa ubavuni, madogo, kwa Kiingereza, na ndiyo muhimu kuliko nembo. Yanasema kifaa hiki si cha kuokolea maisha. Wazazi wengi wanaonipigia simu hawajayasoma. Boya limefungwa kiunoni kwa ugwe. Mtoto akizimia, uso wake unabaki majini na boya linaelea juu yake kwa raha zake. Jaketi la kuokolea lingemgeuza uso juu, hili halifanyi hivyo. Linaniambia mimi wa mashua yuko wapi, basi, na la kufanya baada ya hapo linabaki kwangu. Kwa hiyo mzazi akiniambia, “Mzee, nimeshamnunulia boya, si anaweza kwenda na wenzake tu?” jibu langu ni hapana. Boya bila chombo pembeni, kwa watoto wa umri huu, na mkondo wa maji ya kupwa wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, unaotoka nje ya ghuba, ni alama tu ya kuonyesha alipokuwa. Bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua. Maji yote hayo yanapita mdomoni mwa ghuba, na hakuna mtoto wa kidato cha tatu anayeshindana nayo. Sisi hupanga safari siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, au tunaanza maji yakiwa yanamalizia kujaa.

Wazazi pia huniuliza umri. Yupo baba mmoja mwenye mtoto wa miaka 11, ana pumzi kweli, na baba ameshasikia kwamba kuna mvulana wa umri huo aliyevuka Mlango wa Bahari wa Uingereza. Ni kweli, Thomas Gregory, mwaka 1988. Lakini alikuwa na mwalimu na boti pembeni, na leo vyama vinavyosimamia mvuko ule havimpokei mtu wa peke yake chini ya miaka 16. Mimi napenda kipimo cha mashindano ya dunia ya vijana, yale yaliyofanyika Beau Vallon, Shelisheli, mwaka 2022, bahari hii hii yetu: wa miaka 14 na 15 kilomita 5, wa 16 na 17 kilomita 7.5, wa 18 na 19 kilomita 10. Waandaaji wa dunia nzima wameona kijana wa miaka 15 anatoshwa na tano. Baba wa Tanga anaona haraka ya nini? Yule wetu anayetaka kumi ana miaka 16. Nimemwambia saba na nusu kwanza, na boya liwe na chupa mbili.

Kwa wasio na elfu themanini, na hao ndio wengi, vijana wa Deep Sea, pwani ya wavuvi hapa Tanga, walituonyesha mbinu yao: dumu dogo la lita tatu, limezibwa, limefungwa kitambaa chekundu, kamba kiunoni. Linaonekana. Linakera kwa sababu ni gumu na linagonga miguu, kamba yake haina klipu ya kujifungua haraka, na halina pa kutia maji ya kunywa. Kitambaa chekundu hakitoshi kulitofautisha na dumu la wavu kwa mbali. Hata hivyo, kati ya mtoto mwenye dumu na mtoto asiye na chochote, mimi nimeketi usukani, nitamchagua mwenye dumu bila kufikiri. Kamba ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, na mtoto alifungue mbele yako pwani, macho amefumba, kabla hajaingia majini.

Kwa kikundi chenye uwezo wa kununua machache, ushauri wangu ni huu: nunueni lenye begi, chungwa, vyumba viwili, na mumuulize muuzaji vitu vitatu kabla ya kutuma pesa. Ugwe unaweza kurefushwa? Vizibo vya akiba vipo? Klipu ya mkanda inafunguka kwa mkono mmoja? Sisi tuliuliza la mwisho tu, na klipu kweli inafunguka vizuri hata kwa vidole vilivyolowa. Mtu mwenye haraka ya kuona kabla ya kununua aje Raskazone Jumamosi ambayo maji yanajaa asubuhi. Maboya yetu yanakaa kwenye kamba ya kuanikia, upande wa kivuli, na lile lililopauka ni la kujaribia.